Kabla Hujamlaumu Mwongozaji: Maswali ya Wanaotazama Filamu Nyumbani

Barua za toleo hili karibu zote zina hukumu ndani yake: filamu mbovu, mwigizaji hajui kazi, sauti imeharibiwa, picha giza tupu. Hukumu ni haki ya mtazamaji. Ila anayetazama nyumbani hutazama kazi mbili kwa mpigo, ya mwongozaji na ya mashine iliyoko sebuleni, na mara nyingi kosa la mashine huandikwa kwenye jina la mwongozaji. Kwa hiyo tumeanza na mashine.

Nimebadilisha TV. Filamu ninayoipenda miaka yote sasa inaonekana kama tamthilia iliyopigwa sebuleni kwa mtu. Watu wanateleza kama wako kwenye barafu, na nyumba zao zinaonekana za maboksi. Filamu imezeeka, au ni macho yangu?

Si filamu, si macho. TV yako inabuni picha ambazo hazikupigwa.

Tangu sinema ianze kusema, mwishoni mwa miaka ya 1920, kipimo cha kawaida kimekuwa fremu 24, yaani picha tuli 24, kwa sekunde. Kioo cha TV ya leo hujichora upya mara 60 au 120 kwa sekunde. Watengenezaji wakaona waijaze ile nafasi: TV inaitazama fremu ya kwanza, inaitazama ya pili, kisha inakisia katikati kungekuwa na nini na kuchora fremu yake yenyewe. Kwenye mpira inasaidia, kwa sababu unataka kuuona mpira ukienda. Kwenye filamu inaondoa ule ukungu mdogo wa mwendo ambao macho yetu yameuzoea kama dalili ya sinema, na kila kitu kinaonekana kama kamera ya video iko mbele ya watu waliojipodoa.

Ushahidi unaupata hivi. Tafuta tukio ambalo mtu anapunga mkono haraka mbele ya kitu chenye michoro: pazia la mistari, uzio, rafu ya vitabu. Kodolea macho ncha za vidole. Ukiona michoro ya nyuma inayeyuka na kuvutika kuzunguka vidole, kama hewa juu ya jiko la moto, hapo TV imekisia kilichofichwa nyuma ya mkono na imekosea.

Dawa iko kwenye mipangilio ya picha, mara nyingi ndani ya menyu ya mipangilio ya ziada. Samsung waliipa jina la Auto Motion Plus, LG wanaiita TruMotion, Sony ni Motionflow. Izime. TV nyingi zilizotoka baada ya 2019 zina pia Filmmaker Mode, ambayo huizima hiyo pamoja na unoaji wa picha na rangi za kupita kiasi kwa mkupuo mmoja. Ikiwa yako haina, chagua "Cinema" au "Movie", kisha uhakikishe kwa macho, maana TV nyingine huiacha kidogo hata humo.

Wengi huizima, na wiki ijayo wanaapa kwamba imerudi yenyewe. Haijarudi. TV nyingi hutunza mipangilio kwa kila tundu la HDMI peke yake, kwa programu za ndani peke yake, na kwa picha za HDR (zenye mwanga na rangi za upeo mpana zaidi) peke yake. Ukiizima kwenye HDMI 1, programu ya filamu ya ndani ya TV bado inayo. Zima pande zote tatu, na upande wa HDR uuzime wakati filamu ya HDR inacheza, la sivyo menyu yake huioni.

Ukishaizima unaweza kugundua kasoro nyingine: kamera ikizunguka polepole, picha inastuka-stuka. Ni hesabu tu. Ishirini na nne haigawi 60 sawasawa, hivyo fremu moja inaonyeshwa mara mbili, inayofuata mara tatu, na jicho linahisi kuchechemea. Kioo cha 120 huonyesha kila fremu mara 5, na kuchechemea kunaisha. Kama kioo chako ni cha 60 na jambo hilo linakukera, acha kipengele kile kwenye kiwango cha 1 au 2 kati ya 10. Zaidi ya hapo unarudi kwenye maboksi.

Mistari myeusi juu na chini inanilia kioo. Nimelipia TV kubwa, naonyeshwa ukanda. Kuna ubaya gani nikivuta picha ijae?

Ubaya ni kwamba unatupa robo ya picha. Kioo cha TV kina upana mara 1.78 ya kimo chake. Filamu nyingi zimepigwa kwa upana wa mara 2.39. Kwenye TV ya inchi 55 kioo kina upana wa sentimita 122 na kimo cha 68 na nusu. Filamu hiyo ikikaa nzima inachukua kimo cha sentimita 51, na karibu sentimita 9 zinabaki nyeusi juu, na kiasi hichohicho chini. Ukivuta picha mpaka weusi uishe, asilimia 25 ya upana inatoka nje ya kioo. Watu wawili waliosimama pembe mbili za picha wanazungumza, wewe unaona ukuta na pua mbili.

Filamu za zamani ni kinyume chake. Kabla ya miaka ya 1950 picha ilikuwa ya mara 1.37, hivyo weusi unakaa kushoto na kulia. Hapo kishawishi si kuvuta bali kutandaza, na watu wote wananenepa. Kipimo chake ni rahisi: subiri gurudumu, sahani au saa ya ukutani ionekane. Ikiwa umbo lake ni yai, TV inatandaza.

Na hata picha ya mara 1.78 inaweza kuwa imekatwa bila wewe kujua. Baadhi ya TV hukuza kila kinachoingia kwa asilimia chache na kumeza kingo zote nne. Kwenye menyu ya ukubwa wa picha tafuta "Just Scan" au "Screen Fit". Kama majina ya waigizaji yalikuwa yanagusa ukingo na sasa yamesogea ndani, ulikuwa unaibiwa.

Waigizaji wananong'ona, napandisha sauti. Gari linalipuka, jirani anagonga ukuta. Nashinda na rimoti mkononi filamu nzima. Siku hizi hawajui kurekodi?

Wanajua, ila hawakuchanganya kwa ajili ya spika mbili nyembamba zilizotazama sakafu.

Filamu nyingi hutoka na njia sita za sauti: mbele kushoto, katikati, mbele kulia, mbili za nyuma, na moja ya besi. Maneno ya waigizaji, karibu yote, yamo katika ile ya katikati. TV haina spika ya katikati, hivyo inayachukua maneno na kuyagawa kushoto na kulia, yakichanganyika na muziki, mvua na magari. Pia ukumbi wa sinema umepangwa kwa vilele vya sauti vinavyofika desibeli 105 kwa kila spika kubwa. Umbali kati ya mnong'ono na mlipuko ni wa ukumbi, si wa chumba chenye mtoto aliyelala.

Fuata mpangilio huu, ukisikiliza tukio lilelile la maneno kila unapobadilisha kitu kimoja.

Anza na menyu ya sauti ya filamu yenyewe. Kama inakupa chaguo la 5.1 (ile ya njia sita) na stereo (ya njia mbili), na unatumia spika za TV, chagua stereo. Ule mchanganyiko umefanywa na mtu, au angalau na kifaa kinachojua kuwa spika ni mbili.

Kisha zima kila kitu kinachojiita "Surround" cha kubuni kwenye TV. Hicho hucheza na tofauti za kushoto na kulia ili sauti itanuke, na maneno, ambayo yako sawa pande zote mbili, ndiyo hubaki nyuma.

Washa hali ya usiku au "DRC". Hii hushusha vilele na kupandisha vya chini. Milipuko inapoteza nguvu, ni kweli, lakini saa tano usiku hiyo ndiyo bei. Halafu jaribu kipengele cha kukuza maneno kwenye kiwango cha chini au cha kati. Cha juu kabisa hufanya watu wote wazungumze kama wako kwenye simu.

Wenye spika ya katikati, au saundiba (spika ndefu ya kuweka chini ya TV) yenye njia tatu, wapandishe njia ya katikati kwa desibeli 2 au 3 tu. Ukipandisha 6 maneno yanang'oka kwenye picha, unasikia mtu anaongea mbele ya filamu badala ya ndani yake.

Mwisho ni mahali pa kuweka. Saundiba iliyosukumwa ndani kabisa ya rafu hupiga ubao kwanza, kisha wewe. Ivute mpaka uso wake ulingane na ukingo wa rafu. Isiwekwe kabatini. Chumba chenye sakafu tupu na kuta tupu hurudisha mwangwi unaokula herufi za s, t na k, na hizo ndizo zinazotofautisha maneno. Zulia kati yako na TV linafanya kazi kuliko mipangilio mingi.

Ukifanya yote hayo na bado husikii, basi mlaumu mwongozaji kwa moyo mweupe. Wapo wanaoyazamisha maneno makusudi.

Filamu iliyosifiwa kwa upigaji picha, mimi nimeona giza. Nusu nzima sijui nani alimpiga nani.

Zima TV mchana, mapazia yakiwa wazi, uangalie kioo. Rangi hiyo unayoiona, ya kijivu yenye kivuli cha dirisha na umbo lako mwenyewe, ndiyo nyeusi ya mwisho utakayoipata katika chumba hicho. TV haiwezi kuonyesha weusi uliozidi kioo kilichozimwa. Chochote ambacho mpiga picha amekiweka kwenye giza lililo chini ya hapo, kimekwenda. Kwa hiyo filamu ya usiku itazame usiku, taa zikiwa zimezimwa, isipokuwa taa ndogo nyeupe nyuma ya TV inayomulika ukuta, si wewe wala kioo. Macho hayachoki na weusi unaonekana mweusi zaidi.

Kisha mipangilio. Kwenye TV nyingi, "Brightness" haiongezi mwanga. Inapandisha au kushusha kiwango cha weusi. Mwanga wenyewe unaongozwa na "Backlight", au kwa jina jingine kutegemea chapa. Watu huona giza, wanapandisha ya kwanza, na picha yote inakuwa kama imepakwa majivu. Simamisha filamu kwenye tukio la usiku lenye mtu aliyevaa koti jeusi. Shusha "Brightness" mpaka mikunjo ya koti ipotee. Sasa pandisha hatua moja moja, na mikunjo ikianza tu kurudi, acha. Zima pia kuokoa umeme na kile kijicho kinachopima mwanga wa chumba. Hivyo viwili hushusha mwanga wakati uleule unapouhitaji.

HDR ni mtego wa aina yake. Filamu ya HDR huja na maagizo ya mwanga, mara nyingi ikiwa imetengenezwa kwa kioo cha niti 1,000 au zaidi (niti ni kipimo cha mwanga wa kioo). TV inayofika niti 300 inapaswa kuukunja mwanga wote huo utoshee, na zisizo na uwezo hukunja vibaya: taa zinabaki kali kidogo, watu wanazama. Alama ya HDR kwenye boksi inaeleza kwamba TV inaisoma, haielezi kwamba inaimudu. Kama programu au kicheza filamu kinaruhusu kuzima HDR, jaribu tukio moja kwa njia zote mbili. Kwenye TV za kawaida picha ya SDR, yaani isiyo na HDR, mara nyingi hushinda.

Sababu ya mwisho iko kwenye waya. Diski ya Blu-ray inaweza kubeba hadi megabiti 40 kwa sekunde kwa picha peke yake. Filamu ya mtandaoni ya ubora wa 1080 hupita kwa 5 hivi. Piga hesabu: megabiti 5 mara sekunde 7,200 za filamu ya saa 2 ni megabiti 36,000, yaani gigabaiti 4 na nusu. Diski ingeweza kutumia mara 8 ya hizo. Programu inayokandamiza picha lazima iibe mahali, na huiba gizani, kwa kuwa inadhani huko hakuna anayetazama. Ndiyo maana kwenye anga la usiku unaona ngazi za kijivu badala ya wingu laini, na kwenye kona za chumba viboksi vinacheza. Ukiviona viboksi hivyo usiuguse mpangilio wowote. Angalia kama programu imejishusha ubora, au bando limewekwa kwenye hali ya kubana matumizi. Anayehukumu upigaji picha kupitia megabiti 2 anahukumu mtandao wake.

Manukuu, yale maandishi ya tafsiri chini ya picha, yanaanza sawa, kufika katikati yameshatangulia. Mtu anachekeshwa kabla ya kichekesho.

Usiyasogeze bado. Pima kwanza mara mbili: tofauti ni sekunde ngapi kwenye dakika ya 10, na ngapi kwenye dakika ya 60.

Tofauti ikiwa ileile mwanzo hadi mwisho, ni suala la kusogeza. Kwenye VLC, programu ya kuchezea filamu kwenye kompyuta, bonyeza G manukuu yaje mapema, H yachelewe; kila mguso ni milisekunde 50, yaani miguso 20 kwa sekunde. (J na K hufanya hivyo kwa sauti, iwapo midomo haiendani na maneno.)

Tofauti ikikua kadiri filamu inavyokwenda, manukuu yalitengenezwa kwa nakala yenye mwendo mwingine. Nakala nyingi huenda kwa fremu 23.976 kwa sekunde. Zilizotengenezwa kwa televisheni za mfumo wa PAL zilikimbizwa hadi 25, kwa sababu mfumo wenyewe ulikuwa wa 25. Manukuu ya nakala ya 25 ukiyaweka kwenye filamu ya 23.976, dakika ya 10 yatakuwa yametangulia kwa sekunde 24 na nusu hivi, na dakika ya 60 kwa takriban dakika 2 na sekunde 27. Namba zako zikikaribia hizo, umeshampata mwizi. Fungua faili kwenye Subtitle Edit, ambayo ni ya bure, nenda kwenye kubadilisha fremu, weka kutoka 25 kwenda 23.976, hifadhi. Ndani yake inazidisha muda wa kila mstari wa manukuu kwa 1.0427, basi.

Tofauti ikiruka ghafla, kwa mfano sawa mpaka dakika ya 41 kisha sekunde 90 mbele, toleo lako lina tukio ambalo nakala ya mtafsiri haikuwa nalo, au limekosa lililokuwamo. Hapo hesabu haisaidii. Tafuta faili nyingine inayolingana na urefu wa filamu yako.

Na herufi zikigeuka alama za kushangaza, faili haikuhifadhiwa kwa UTF-8, ambao ni usimbaji, yaani namna ya kuhifadhi herufi. Ifungue kwenye kihariri cha maandishi kwa usimbaji wake wa asili, ihifadhi upya kama UTF-8, uipe jina lilelile la filamu, tofauti iwe .srt mwishoni.

Kwa anayetaka kutoa maoni ya haki: manukuu, au sauti zilizoingizwa kwa lugha nyingine?

Kama utasema neno lolote kuhusu uigizaji, manukuu. Sauti ni nusu ya kazi ya mwigizaji, na aliyeingiziwa sauti amenyang'anywa nusu hiyo. Huwezi kuandika "anaigiza bila hisia" juu ya mtu ambaye hujamsikia.

Lakini ujue manukuu nayo yana kodi yake. Kanuni za kawaida za kazi hiyo ni mistari 2, herufi 42 kwa mstari, na isizidi sekunde 7 kwenye kioo. Mtu anayeropoka haraka hawezi kuingia humo mzima, mtafsiri anakata. Mzaha, matusi na heshima ndivyo hutoka kwanza. Ukiona mtu kaongea sekunde sita na manukuu yamesema "Sawa", si wewe uliyepitwa. Hivyo usiyahukumu maandishi ya mswada kwa ukali kama unaotumia kwa uigizaji.

Sauti za kuingizwa zina nafasi yake: watoto wasiosoma haraka, wazee, na anayetazama huku anapiga pasi. Hakuna aibu. Na midomo kutolingana na maneno si lazima iwe kasoro ya nakala yako. Filamu nyingi za Italia za miaka ya 1950 hadi 1970 zilipigwa bila kurekodi sauti ya papo kwa papo, sauti zikaingizwa baadaye studioni, hata kwa Kiitaliano chenyewe. Ndiyo asili yake.

Tumegombana na rafiki kuhusu filamu ileile. Yeye anasema kuna sauti ya msimulizi mwanzo hadi mwisho, mimi nasema hakuna. Nani mwongo?

Huenda hakuna. Mfano maarufu ni Blade Runner: toleo la 1982 lililoingia kumbini lina msimulizi, la 1992 halina na mwisho wake ni tofauti, na la 2007 ndilo mwongozaji Ridley Scott aliloliita la mwisho. Ukimwambia mtu "nimeiona" bila kusema ipi, mnajadili filamu mbili.

Kabla ya ugomvi linganisheni dakika. Ila hadhari moja: tofauti ya asilimia 4 haimaanishi kitu kimekatwa. Ni ule mwendo wa PAL tuliousema. Filamu ya dakika 120 ikikimbizwa kutoka 24 hadi 25 inaisha kwa dakika 115 na sekunde 12, ikiwa na kila fremu yake. Sauti tu ndiyo nyembamba kidogo. Pungufu isiyo karibu na asilimia 4, ongezeko, au pengo linalotokea sehemu moja tu, ndiyo dalili ya mkasi.

Kwa nini kwenye filamu za kimya watu wanatembea kama wamechelewa gari?

Kamera zilizungushwa kwa mkono, mara nyingi kati ya fremu 16 na 20 kwa sekunde, bila kipimo kimoja. Ukizionyesha kwa 24, iliyopigwa kwa 16 inakwenda mara moja na nusu. Nakala zilizokarabatiwa vizuri zimesharekebishwa. Kwa zile mbovu, kwenye VLC bonyeza [ kupunguza mwendo kidogo kidogo mpaka mtu anayetembea aonekane ana uzito, kwa kawaida unaishia kati ya 0.7 na 0.8. Alama ya = inarudisha kawaida. Baadhi ya vichekesho vilikimbizwa kwa makusudi, kwa hiyo usimtulize kila mtu.

Nikae umbali gani?

Zidisha ulalo wa kioo kwa 1.2 upate karibu, kwa 1.6 upate mbali. Inchi 43 ni sentimita 109: kati ya mita 1.3 na 1.75. Inchi 55: kati ya 1.7 na 2.25. Kompyuta ya inchi 15: sentimita 46 hadi 61, yaani mezani, si miguuni kitandani. Watu wengi hukaa mbali mno, kisha wanasema filamu "haikuwavuta".

Filamu za zamani zinajivuta. Nazitazama kwa kasi ya 1.5, naokoa muda. Kuna dhambi?

Dhambi hapana, lakini baada ya hapo maoni yako yasiguse mwendo wala uigizaji wa filamu hiyo, maana hukuviona. Kimya cha sekunde 3 kabla ya mtu kujibu "ndiyo" ni jibu tayari. Kwa 1.5 kinakuwa sekunde 2, na yule aliyekuwa anasita sasa anajibu tu.

Tunashuku pia kwamba "inajivuta" linabeba mambo mawili tofauti. Chukua saa, chagua dakika moja, uhesabu picha inakatwa mara ngapi. Filamu ya mapigano ya sasa inaweza kukata mara 20 au 30 katika dakika hiyo. Ya zamani pengine mara 5. Sasa hesabu kitu kingine: katika dakika hiyohiyo umejua mambo mangapi mapya? Nani anamwogopa nani, nani kaficha nini. Mara nyingi ile yenye mikato 5 inashinda. Ikiwa haina mikato na haina jipya, basi kweli inajivuta, na una ushahidi wa kumwonyesha mtu.

Nataka kuanza kuandika maoni ya filamu ninazotazama. Kila nikianza naishia "nzuri sana, msiikose". Nifanyeje?

Weka karatasi kando, si simu. Wakati wa kutazama andika dakika tu na neno moja: "34, mlango". "71, uongo". Usiandike sentensi, utapitwa. Ikiisha subiri robo saa, kisha angalia ni dakika ipi kati ya hizo unayoweza kuieleza bila kurudi nyuma. Hiyo ndiyo maoni yako. Mengine ni muhtasari, na muhtasari uko kwenye jalada.

Kieleze kitu hicho kimoja kwa karibu. Usiseme "upigaji picha ni mzuri". Sema kamera imekaa chini ya meza wakati baba anasaini, tunaona miguu yake ikitetemeka huku sauti yake imetulia. Msomaji ataamua mwenyewe kama ni nzuri.

Kabla ya kumsifu au kumponda mwigizaji, tazama tukio lake mara ya pili bila sauti. Lev Kuleshov, mwongozaji wa Urusi, alionyesha karibu miaka 100 iliyopita kwamba uso uleule usiobadilika, ukiunganishwa na bakuli la supu, watazamaji wanaona njaa. Ukiunganishwa na jeneza, wanaona huzuni. Kazi hiyo ilikuwa ya mhariri. Bila sauti unaanza kuona uso unafanya nini na mkasi unafanya nini.

Uhondo usiupasue. Kipimo chetu: eleza kwa uhuru mambo ya robo ya kwanza, yaani dakika 30 za filamu ya saa 2. Kuanzia hapo zungumzia namna, si tukio. Na hata "mwisho wake utakushangaza" ni kupasua, kwa sababu msomaji atakaa saa nzima akiusubiri mshangao badala ya kutazama. Kwamba steringi hafi, hilo kila mtu analijua. Kwamba safari hii anakufa, ndilo la kumeza.

Nyota ukizitumia, zipe maana ya tendo, zisiwe za hisia. Kwa mfano kati ya 5: moja, nilizima, mbili, nilimaliza kwa ubishi, tatu, sijutii muda, nne, nitamwambia mtu, tano, nitairudia. Andika na mazingira kwa mstari mmoja: kioo cha inchi ngapi, spika za TV au za nje, kwa mkao mmoja au vipande. Msomaji akiona "simu, ndani ya basi, siku tatu" atajua auweke wapi ule mstari wako unaosema mandhari hayakukugusa.

Nililala dakika ya 50. Naruhusiwa kutoa nyota?

Hapana, lakini unaruhusiwa kutaja dakika. Kesho rudi mpaka ya 40, siyo ya 50: kumbukumbu za dakika za mwisho kabla ya usingizi haziaminiki, na pengine ndimo alimoingia yule mtu ambaye baadaye utauliza "huyu naye katoka wapi?" Ukilala tena palepale, sasa andika.